Jiwe la Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mzee Keke, ingawa hata mvi hakuwa nayo, kwa sababu ya keke yake ya mkono: kijiti chenye ncha ya chuma, kinachozungushwa kwa kamba ya upinde mdogo. Kwa keke hiyo alitoboa vigae, vioo na mawe. Na kwa kujisifu alikuwa hajambo. Wateja walirudi nyumbani masikio yamechoka.

Siku hiyo mama mkwe alimletea jiwe jeupe, dogo kama ukucha wa dole gumba. Marehemu mumewe aliliokota alipokuwa akichimba kisima, enzi za uchumba wao. Sasa uzee umeingia, kila mara mama analisahau mahali. Alitaka litobolewe alivae shingoni.

"Usiniharibie, baba. Sina kingine chake."

"Mama, umefika kwa mwenyewe!" akajibu, kifua mbele. Mama akaenda kukaa kibarazani.

Jiwe hutobolewa hadi katikati, kisha hugeuzwa litobolewe upande wa pili, matundu yakutane. Ukipitiliza upande mmoja, jiwe hupasuka. Hilo alilijua vizuri sana. Lakini kulikuwa na wateja wawili wakimsikiliza, naye akanogewa kusimulia umaarufu wake huku upinde ukienda na kurudi. Jiwe likalia ta! Vipande viwili.

Wateja wakaangalia pembeni. Alitamani ardhi immeze. Badala yake akatoka nje, akaongopa mkavu wa macho: "Mama, kumbe lilikuwa na ufa ndani."

 Mama akamshika mkono, akaukagua kidole kwa kidole.

"Hukujikata? Pole, mwanangu. Ni mimi, niliwahi kuliangusha."

Afadhali angetukanwa.

"Basi vitoboe vyote viwili," mama akasema. "Kimoja changu, kimoja cha mkeo." Akaingia ndani, akakaa karibu aone.

Safari hii fundi hakufungua mdomo. Alitia mchanga na matone ya maji, akaenda taratibu hadi katikati, akakigeuza kipande.

"Mbona unakigeuza?"

Upinde ukasimama. "Usipogeuza, linapasuka."

"Na lile zima, uliligeuza?"

Uso ulimwiva. Aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua.

"Sikuligeuza, mama. Halikuwa na ufa."

Mama hakufoka. Alinyoosha kiganja, akangoja arudishiwe vipande vyote viwili, kazi ikiwa nusu.