Jumamosi za Kutembezwa Ufini

Kila Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri na chakula, tulikuwa tukitembezwa Ufini. Mume wangu aliiegemeza simu kwenye chupa ya kahawa, mama yangu alivaa miwani, na mimi nilikaa pembeni nikimenya machungwa ambayo hakuna aliyeyataka. Kisha binti yetu alitokea kwenye kioo, amejifunga skafu mpaka puani, akaanza kutuonyesha mji.

Alikwenda huko kusomea mambo ya maji. Akamaliza, akapata kazi ya mkataba, na wakati ninaouzungumzia mkataba ulikuwa umebakiza miezi minne. Alituahidi kwamba ukimalizika atarudi kwetu Ibra, hapa Oman. Chumba chake nilikwisha kukipaka rangi, na kitanda kipya bado kilikuwa na nailoni yake.

Jumamosi moja ilikuwa maktaba, nyingine kanisa la mbao, nyingine soko la ndani ambako watu huuza mkate uliookwa na samaki tumboni. Mji wenyewe una jina refu. Mume wangu alijifunza kulitamka, akawa analitamka hata pasipo na haja, akimimina kahawa. Mimi nilikataa. Nilisema "huko", na kila mtu alijua ni wapi.

Niseme wazi: nilikuwa naona gere. Nimewahi kusikia wanawake wanaomwonea wivu mkwe, au mama wa mkwe, na nikawacheka. Mimi niliuonea wivu mji. Niliutazama pale kwenye kioo kama mtu anavyomtazama mke mwenza harusini, nikitafuta kasoro kwenye mshono wa nguo.

Kasoro hazikupatikana kwa urahisi. Siku aliyotuonyesha ziwa alisimama katikati yake, watu wakipita nyuma na mbwa wao.

"Ziwa hii imeganda yote, mama," alisema.

"Ziwa hili limeganda lote," nikamwambia.

Watoto wetu waliozaliwa huku ndivyo wanavyokizungumza Kiswahili, na siku za kawaida mimi huwaacha, kwa sababu hata mimi nikikasirika nakasirika kwa Kiarabu. Lakini siku ile sikuwa na jingine la kukosoa. Ziwa lenyewe lilikuwa zuri.

Mume wangu aliuliza barafu ina unene gani, na kama gari hupita juu yake. Aliambiwa hupita. Akapiga goti lake kwa furaha, kana kwamba yeye ndiye aliyeligandisha. Mama yangu naye, ambaye alihamia Oman kutoka Unguja nikiwa bado mtoto wa kushikwa mkono, na tangu siku hiyo hajausifu mji wowote, alisogea karibu na simu. "Mji msafi," alisema. "Na watu wake hawana makelele." Miaka yote tuliyokaa Ibra sijamsikia akisema hata nusu ya hayo. Baadaye shemeji zangu wa Nizwa nao wakaanza kuja Jumamosi. Hakuna aliyewahi kutoka Nizwa kwa ajili ya kuiangalia Ibra.

Nikaona na mimi nijibu. Jumatano moja asubuhi nilichukua simu nikaenda nayo kwenye soko letu la wanawake, nikampigia binti yangu kabla hajatoka kwenda kazini. Kule kwao bado giza. Nikamzungusha: vitambaa, wanja, nyuzi za fedha, suruali zenye nakshi miguuni. Muuza ubani mmoja alidhani namrekodi, akaifunika simu kwa kiganja na kunisemesha maneno. Nilipomweleza kwamba ni binti yangu yuko mbali, alininyang'anya simu, akamuuliza kama ameolewa, na kama hajaolewa anangoja nini. Binti yangu alicheka mpaka akakohoa. Kwa dakika tatu nilikuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote mkoani kwetu Ash Sharqiyah.

Halafu uso wa pili ukaingia kwenye kioo. Ni bibi mmoja mjane, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, ana kikombe mkononi. Binti yangu alipanga chumba nyumbani kwake, hayo nilikuwa nayajua. Sikujua kwamba asubuhi wanakunywa kahawa bega kwa bega, wala kwamba binti yangu anamwita bibi, hali bibi yake wa kumzaa mama yake yupo hai na anamwombea dua kila sala.

"Bibi anasema soko yenu nzuri sana," aliniambia.

Katika neno moja, lile "yenu", kulikuwa na makosa mawili, na la sarufi ndilo lililokuwa dogo. Sikulisahihisha lolote. Nilirudi nyumbani bila kununua kitu.

Jumamosi iliyofuata ziara ilikuwa ndani ya nyumba ya yule bibi. Tulionyeshwa jiko, dirisha linalotazama ziwa, na kiti ambacho binti yangu hukikalia kila jioni akisoma. Mwishowe bibi akaitwa aje asalimie. Alikaa sawasawa, akaweka mikono mapajani, na ilionekana alikuwa amefanya mazoezi. "Shikamoo, mama," alisema, kwa mkazo usiokuwa mahali pake lakini kwa heshima kamili.

Binti yangu alimfundisha salamu, akasahau kumfundisha nani humwamkia nani. Yule bibi ameshapita miaka sabini. Mimi sijafika sitini, na hina ndiyo inayonisaidia. Mtu yeyote aliyelelewa na Waswahili angejua la kufanya: unaruka, unakataa, unasema la, bibi, shikamoo wewe, na watu wanacheka na mambo yanakuwa mepesi.

"Marahaba," nilisema. Nililivuta neno lile taratibu, na lilikuwa tamu.

Binti yangu aliigeuza simu dirishani na kutuonyesha ndege. Mume wangu alijifanya anatafuta sukari. Mama yangu alingoja mpaka simu ikatwe.

"Yule kakushinda umri," aliniambia. "Bibi mzima kakushika miguu, nawe umekaa kitako umeitikia. Astaghfirullah. Nani kakulea wewe?"

Aliyenilea ndiye aliyekuwa akiniuliza. Nilitaka yule bibi awe mdogo kwangu hata mara moja tu. Kila kilichokuwa changu alikuwa nacho yeye: asubuhi ya binti yangu, jioni yake, kikohozi chake wakati wa baridi. Wiki nzima nililifikiria jambo hilo nikipika, na kadiri nilivyoona haya ndivyo gere ilivyozidi. Nilijiambia kwamba kuna jambo moja tu litakaloniponya, nalo ni tarehe. Akinitajia tarehe ya kurudi, nitamsamehe yule bibi, na ziwa lake, na ule mkate wenye samaki.

Jumamosi ilipofika, binti yangu alikuwa nje, kwenye njia ya pembezoni mwa ziwa. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Alituonyesha daraja, alituonyesha ngazi za mbao wanapoteremkia watu kuogelea, akasema na yeye ameshajaribu mara mbili. Zamani angeniomba ruhusa hata ya kuingia bwawani kwa shangazi yake. Nilikagua pembe zote za kioo, yule bibi hakuwapo. Mama yangu alinisukuma kwa kiwiko.

Nikasema lililokuwa likinidai. Nilimwambia amfikishie bibi shikamoo yangu, na amweleze kwamba ni mimi niliyepaswa kumwamkia. Uso wa binti yangu ulifunguka wote. Alisema bibi atafurahi sana, wallahi, alikuwa na wasiwasi kwamba alikosea kulitamka neno. Nilimpa nafasi amalize furaha yake, nikavuta pumzi. Shemeji zangu walikuwapo, mume wangu alikuwapo, na mimi sikujali.

"Mwanangu," nilimuuliza, "unarudi lini nyumbani?"

Alitazama juu barabarani, kisha saa yake.

"Saa hivi tu, mama. Basi inakuja, dakika tano."

Hakuwa akinikwepa. Macho yake yalikuwa meupe kabisa, ya mtu aliyeulizwa swali jepesi akalijibu. Mume wangu alikishika kikombe asikinywe. Mama yangu alivua miwani. Ningeweza kuliuliza tena, safari hii nikaitaja Ibra, naye angeelewa, angeona haya, na pengine angenitajia tarehe ili kunituliza.

Nilimwambia akimbie, basi lisimwache.