Namba ya Mume Wangu Kwenye Skrini

Kazi yangu ni kupokea simu za akina mama wajawazito, hapa Garissa mjini, kwenye chumba chenye kompyuta nne na feni moja inayozunguka ikipenda. Mama akipiga, kompyuta huitafuta namba yake kwenye orodha ya waliojiandikisha kliniki, na kabla sijafungua mdomo jina limeshatokea: fulani, wa mahali fulani, mimba ya miezi kadhaa. Nilikipenda sana kitu hicho. Kinakuepusha na kumuuliza mtu anayelia yeye ni nani. Shida ni kwamba wanawake wetu wengi hawana simu, wanaandikisha ya mume, kwa hiyo unasema "habari mama" na mzee mzima anakujibu kwa kukohoa.

Siku ile mume wangu alikuwa nyumbani bila simu. Alirudi jana yake kutoka Bura, kwenye biashara yake ya mbuzi, akasema ameisahau kwa mshirika wake. Nilimcheka. Nikamwambia safari ijayo atasahau na miguu.

Saa tano asubuhi namba yake ikaingia kwenye laini yetu. Naijua kwa moyo, sikuhitaji kuisoma hadi mwisho. Nikafurahi, wallahi, nikadhani huyo mshirika anabonyeza ovyo akimtafuta mwenye simu. Kisha jina likatokea. La mwanamke. Bura. Mimba ya miezi minane. Chini yake, kwenye nafasi ya mume, majina matatu ya mume wangu, bila herufi hata moja kukosewa.

Miaka kumi na minne ya ndoa, watoto wanne, na habari hii naletewa na kompyuta! Nikasema labda mitambo imechanganya mambo. Haikuwa imechanganya kitu.

Sauti ikaniita abaayo, yaani dada. Alikuwa msichana kabisa. Alinieleza kwa Kisomali kwamba damu inamtoka tangu alfajiri, mkeka umelowa, na mtoto hachezi tena tumboni.

Sasa, simu moja kwetu hutumiwa na watu wengi, ndiyo maana kanuni inataka nithibitishe kwamba anayeongea ndiye mwenye jina. Swali la kwanza ni jina la mume. Bila jibu hilo kujazwa, ambulansi haitoki. Nikauliza. Akayataja yote matatu, kwa haya kidogo, kama bibi arusi. Nami kwa mdomo wangu huu huu nikamjibu, "Sawa, nimethibitisha."

Nakiri aibu yangu. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha ambulansi na hakikushuka. Pengine ni pumzi mbili tu, lakini nilizihesabu. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka, nikataka kumuuliza anajiona nani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Abaayo, bado uko?"

Nikabonyeza. Nikamwambia alalie ubavu wa kushoto, asile wala kunywa chochote, asikate simu. Nikamuuliza mume yuko wapi. Akasema amekwenda Garissa kumwangalia dada yake mgonjwa, na amemwachia simu kwa ajili ya dharura. Mume wangu hana dada.

Nisikuweke roho juu: alipasuliwa siku hiyohiyo, mama na mtoto wakapona, alhamdulillahi. Lakini mchana ule hakuna aliyejua hivyo. Dereva wa ambulansi alitupigia akiwa njiani, akasema hali ni mbaya, hospitali inataka damu, jamaa yake atafutwe haraka. Kumtafuta jamaa ni kazi ya yule aliyepokea simu. Jamaa mwenyewe nilijua alipo. Alikuwa amejinyoosha sebuleni kwangu.

Nikapiga simu ya mama mkwe, anayeishi nasi, nikamwomba anipe mwanawe. Niliongea naye kwa sauti ile ile ya kazini, kwa sababu nyingine sikuwa nayo.

"Mkeo wa Bura anavuja damu," nikasema. "Wanamleta hospitali hapa mjini. Nenda ukamtolee damu."

Nilimsikia mama yake akimuuliza kuna nini. Kisha mume wangu akaniuliza taratibu, "Umejuaje?"

Nikamwambia, "Bado hujauliza kama yuko hai."