Yakubu na Njia ya Treni ya Ubundu

Uliza mtu yeyote Kisangani hii nani anajua abiria wa treni inayotoka Ubundu wanaelekea wapi, atakutajia Yakubu. Hatakutajia Claudine, katibu wa chama chetu cha usafiri, Tuvuke, kwa miaka kumi na mmoja, mwenye ramani ukutani na miaka miwili ya jiografia chuoni. Claudine ni mimi. Jambo hilo liliniuma zamani na linaniuma mpaka leo, kwa hiyo anayesoma ajue kwamba habari za Yakubu anazipata kwa mtu aliyemwonea wivu.

Baba yake alitoka Maniema na cherehani kichwani. Yakubu mwenyewe alizaliwa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, nyumba ya nne kutoka stesheni ya treni. Shule aliiacha darasa la sita. Akapata baiskeli, akaiwekea kiti cha sponji nyuma, akawa toleka, kama tulivyowaita waliobeba watu kwa baiskeli mjini hapa kabla pikipiki hazijawafukuza. Alibeba watu miaka kumi na tisa, mpaka goti la kulia likakataa. Ndipo akaja kwetu Tuvuke. Tulimpa kazi ya kusimama gatini upande wa mjini, pale bac, kivuko cha mto, inapowashusha watu wa treni, awapange kwenye mabasi yetu mawili madogo. Ilikuwa kazi ya kumhurumia mtu, nasema hivyo bila kificho.

Lakini hakuonekana mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa akimtazama mtu anashuka na mzigo wake, kabla hajafungua mdomo, na anamwelekeza. Mwenye vikapu vya samaki wa moshi alimpeleka basi la soko kuu. Mwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa safi, basi la hospitali, maana huyo amempikia mgonjwa. Mwanamke mwenye mkeka na kitenge kimoja tu, asiye na mzigo wa kuuza, alimshika mkono kwanza, akamwuliza kwa sauti ya chini matanga yako wapi. Hakukosea hata mara moja, na mimi nilikuwa nikimvizia akosee.

Mwaka jana rais wa chama chetu, Papa Cyprien, karani mstaafu anayependa mambo yaandikwe, alisema treni inawatupa watu ukingoni mwa mto kama magunia, na kwamba wakati umefika wa kuwa na njia moja ya kweli: kutoka stesheni ya Lubunga, kuvuka, mpaka mahali watu wanapokwenda mjini, yenye vituo vyake. Atakayeleta mpango mzuri ndiye atakuwa mkuu wa njia. Nilikitaka cheo kile mpaka usingizi ukanipungukia. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeandika maneno ya wengine kwenye daftari la mikutano, na hakuna hata siku moja mtu alinisimamisha barabarani kuniuliza kitu.

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Treni tatu mfululizo nilisimama gatini na daftari, nikamwuliza kila abiria anakaa wapi. Wakanijibu vizuri: Kabondo, Mangobo, Tshopo, Makiso. Nikahesabu, nikachora njia nyekundu yenye vituo kumi na viwili, kila kituo dakika mbili. Ilikuwa ramani nzuri. Nikaibandika mbele ya mkutano, watu wakaitazama kwa heshima, kisha wote, kama walioambiana, wakageuka kumtazama Yakubu.

Hakutaka kusema. Walimsukuma mpaka akainuka, ameshika goti.

"Maman Claudine ameuliza muzuri," alisema. "Lakini mutu wa treni haendake kwake kwanza. Kama iko na samaki, anaenda soko. Kama iko na mugonjwa, anaenda hôpital. Kama iko na kilio, anaenda matanga. Kwake ataenda kesho."

Watu walicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka akiambiwa jambo analolijua tangu utotoni. Na mimi nililijua. Mimi mwenyewe, shangazi yangu alipokufa, nilishuka kwenye boti ya Isangi nikaenda moja kwa moja matangani na matope miguuni. Nililijua, na nikauliza watu wanakaa wapi. Kosa la namna ile linauma kuliko la mjinga.

Mpango wake haukuwa hata na karatasi. Alikuwa na rafiki, Noël, mfanyakazi wa kituo kidogo katikati ya reli, kilomita sitini kutoka hapa. Treni haina saa, ila ikifika pale Noël hupita mabehewani, huuliza watu, kisha hupanda kilimani penye mtandao na kumpigia Yakubu: vikapu vingapi, wagonjwa wa nani, wafiwa wangapi na kilio kiko wapi. Basi la Yakubu lingepita soko, hospitali, na matangani, popote yalipo siku hiyo. Na zaidi ya hapo, kukiwa na mfiwa ndani ya treni, Yakubu hutuma pikipiki mbele kwenda kuwaambia wenye msiba: ngojeni, ndugu yenu yuko njiani. Maana familia nyingi huzika bila kujua kama wa Ubundu amepata treni au hakupata.

Nilisema kituo kinachohama si kituo, ni uvumi. Walicheka, lakini kidogo. Papa Cyprien akaamua tujaribu: treni ijayo, mabasi mawili, langu na la Yakubu, kila moja na njia yake, kesho yake chama kitachagua.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Yakubu aliacha simu yake ofisini kwangu ichajiwe, kama alivyofanya kila siku, kwa sababu betri za sola ziko kwangu. Simu ya zamani ya vitufe, imefungwa kwa mpira. Akavuka kwenda Lubunga kuzungumza na wenye mitumbwi. Saa tano ikalia. Nikaipokea. Sikuwa na nia mbaya nilipoipokea, nia mbaya ilikuja nilipomsikia Noël akisema "Yakubu?" kwa furaha ile ambayo watu wote walikuwa nayo wakilitaja jina lake.

Nikamwambia Yakubu hayupo, aniambie mimi. Mtandao ulikuwa unakatika, akasema haraka. Wenye samaki kama arobaini. Wagonjwa wawili. Halafu kuna mama mmoja, Mama Chance, anatoka ng'ambo ya Ubundu, hana simu. Binti yake Chance amefariki Mangobo, karibu na kanisa la matofali, na wanazika leo. Yakubu awatumie mtu mbiombio, wamngoje mama.

Nilisema sawa, nitamwambia.

Nikakaa. Nilijiambia kwamba familia lazima imejua, kwamba wafiwa siku zote husubiri, kwamba ujumbe mmoja si kitu. Lakini nasema wazi nilichokiwaza hasa. Niliwaza kwamba Yakubu akituma pikipiki na mama akakuta jeneza linamsubiri, mji mzima utasimulia jambo hilo mwaka mzima, na ramani yangu itafungiwa maandazi. Yakubu aliporudi saa sita kuchukua simu, akauliza kama Noël amepiga. Nikasema sijasikia. Aliniamini. Aliiweka mfukoni bila hata kuitazama, na nikamchukia kwa kuniamini.

Treni iliingia saa nane kasoro. Kuvuka mto kukachukua karibu saa nzima. Gatini Yakubu alikuwa akizungukazunguka, anapanga watu kwa macho kwa sababu hakupata habari, na wenye samaki wakamvamia, wote wanamjua, wote wanamwita. Basi lake likajaa pomoni. Mwanamke mmoja mrefu, mwenye mkeka chini ya kwapa, akabaki pembeni. Dereva wangu, Jeancy, akamwuliza anaenda wapi. Akasema Mangobo. Mangobo ilikuwa kituo changu cha tisa, kwa hiyo akapanda kwangu, akakaa kando yangu.

Alinisalimu. Akaniambia binti yake alikuwa fundi wa kushona, ana watoto watatu, na kwamba kijana wa reli amepiga simu, kwa hiyo watamngoja. Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi ngumu. Mimi nilitazama nje.

Kituo cha kwanza hakuna aliyeshuka. Jeancy akasimama dakika mbili, kama nilivyoandika. Kituo cha pili, dakika mbili. Cha tatu nikamwambia asisimame, aende. Akanijibu, "Maman, njo papier yako inasema." Alikuwa amenitii mno, na hilo nililitaka mwenyewe. Nikaichana ile karatasi mbele yake nikamwambia aende Mangobo moja kwa moja. Abiria wengine wakaanza kulalamika. Mama aliuhamisha mkeka kutoka kwapani akauweka mapajani.

Tulifika saa tisa na dakika ishirini. Chini ya hema walikuwa wamebaki wanawake wa jikoni na viti vitupu. Mmoja alipomwona mama alishika kichwa. Walikuwa wameondoka saa tisa kamili. Walikuwa wamengoja tangu asubuhi, mochwari haikuweza kuwawekea maiti siku nyingine, na hakuna aliyewaletea neno. Tukakimbiza basi makaburini, na barabara ile unaijua mvua ilivyoila. Tulipofika walikuwa wanapigapiga udongo kwa koleo. Mama Chance alishuka, akatembea mpaka pale, akautandika mkeka juu ya udongo, akaulalia.

Kesho yake mkutano ulikuwa mfupi. Papa Cyprien alimwuliza Yakubu simu ilikuwa wapi, maana sifa yote ya mpango wake ilikuwa simu. Yakubu aliitoa mfukoni, akabonyeza, akasoma. Ile simu ya zamani huonyesha simu zilizopokewa, jina la aliyepiga na saa. Kisha akaniangalia mimi, si kwa hasira, akaniangalia kama alivyokuwa akiwatazama abiria gatini akijua wamebeba nini.

"Kosa ni langu," akasema. "Simu nilikuwa nimeiacha."

Wakamlaumu. Mmoja akasema toleka ni toleka tu. Wakasema basi la Claudine angalau limemfikisha yule mama makaburini, tena bila kulipishwa, na wakanichagua. Mkono wa Yakubu ulikuwa miongoni mwa iliyonyooshwa. Nilifurahi. Kwanza nilifurahi, nisidanganye, furaha kama ya dakika tano. Kisha nikaona jinsi mzee Amuri, fundi wetu wa magari, alivyoketi karibu na Yakubu na kumpa nusu ya mkate wake, na wale waliokuwa wanamlaumu wakaanza kumtania wapate kumchekesha. Nilikuwa mkuu wa njia, na hakuna aliyekuja kukaa karibu na mimi.

Jumamosi nilikwenda matangani. Ingekuwa aibu nisiende, na nilijua Yakubu yuko huko. Alikuwa amekwenda siku zote mbili. Nilimkuta ameketi na wanaume. Mama Chance alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amenyolewa nywele. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili, akanikalisha mbele yake.

"Aksanti, mutoto wangu," akasema, na watu wakageuka wamsikie. "Weye njo ulinifikisha. Ule mwenye simu alinisahau. Mungu atamwona."

Nilimtazama Yakubu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakanda goti lake. Aliyasikia yote, hata wajukuu watatu waliyasikia, na angeendelea kukaa vile mpaka mwisho wa matanga akilaaniwa kwa ajili yangu. Wivu wangu ukapanda. Hata laana alijua kuibeba kuliko mimi. Sijui kama nilisema kwa toba au kwa sababu sikuweza kuvumilia awe mwema kiasi kile. Nilisema.

"Mama, si yeye. Noël alipiga, simu niliipokea mimi. Sikumwambia."

Mama Chance aliiachia mikono yangu polepole, kama mtu anayeweka chini kitu cha mwenzake.

"Alipiga saa ngapi?"

"Saa tano."

"Na wao waliondoka saa tisa."

Alihesabu kwa vidole, kwa sauti: sita, saba, nane, tisa. Alivitazama vile vidole vinne, kisha akavifunga. Akamwita Yakubu, akamwomba amsaidie kusimama ili aingie ndani, na Yakubu akaja akichechemea, akampa mkono. Mama aliushika kwa mikono yake yote miwili. Waliingia ndani pamoja, na mimi nikabaki kwenye kiti, watoto wa Chance wakinitazama, nikimwonea Yakubu wivu kwa mkono ule.