Filamu ya Krismasi na Mtumbwi wa Ikombe

Mchana wa kuamkia Krismasi, mama alikuwa ziwani, akirudi kwa mtumbwi kutoka kijiji cha Ikombe alikokwenda kununua vyungu. Ziwa lilikuwa limechafuka na simu yake haikupatikana. Mdogo wangu wa kike alikuwa akitazama filamu ya Krismasi kwenye runinga. Ndani yake, baba mmoja wa Kizungu alikuwa amekwama kwenye theluji, akijaribu kufika nyumbani kwake.

“Atafika tu, dada. Si unasemaga huwa wanafika wote?” mdogo wangu aliniambia, macho kwenye runinga.

Kweli, ndiyo sababu nilikuwa nikizicheka filamu hizo. Siku ile sikucheka; nilimwombea yule Mzungu afike. Akafika, nguo kavu, zawadi zote mkononi.

Mama aliingia jioni, amelowa, mikono mitupu. Vyungu vyote yeye na wenzake mtumbwini walivitupa majini ili usizame. Nilimshika mkono, kisha nikaenda kumtafutia nguo kavu.