Sahani ya Mpiga Tarumbeta

Mpiga tarumbeta wa kanisa letu hapa Karatu huing'arisha tarumbeta yake kwa majivu kila Ijumaa, na kabla ya kupuliza hulamba midomo mara mbili. Akisema, husema polepole huku akivitazama vidole vyake. Kwa miaka sita amepiga kwenye harusi zetu zote bila kuonja chakula. Watu wa kata ya Ganako walidai anaringa, nami niliwakemea, kwa sababu aliwahi kunieleza. Wakati wa vita vya Kagera, yeye na wenzake wawili wa bendi ya jeshi walitekwa, na askari wa adui hawakuwapa ugali mpaka wawapigie muziki. Mmoja alipovimba midomo, alinyimwa kabisa, na hao wawili wakawa wanammegea wa kwao kwa siri. Tangu hapo, chakula cha baada ya kupiga hakimshuki kooni.

Jirani yangu Lukresia nilimweleza habari hiyo. Siku ya kumwoza bintiye, alimpokonya mpiga tarumbeta chombo chake mlangoni akakifungia kabatini.

"Leo hupigi, shemeji. Umekuja kula kama wageni wengine."

"Na bibi harusi aingie na nini?"

"Ana miguu."

Binti akaingia kwa vigelegele vya shangazi zake tu. Mpiga tarumbeta aliketi na sahani ya pilau magotini, akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaanza kula. Alipomaliza punje ya mwisho alinawa, akaenda mwenyewe kumwomba Lukresia ufunguo wa kabati.