Kidole Kimoja cha Bulonza

Bulonza alikuwa mwalimu wa fizikia katika lise moja, shule ya sekondari ya wasichana mjini Bukavu, mpaka siku ile lori alilopanda kwenda Shabunda lilipoteleza kwenye matope na kumtupa bondeni. Aliporudi kutoka hospitali, kuanzia shingoni kushuka chini hakuna kilichosogea, isipokuwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Ulimi nao ulibaki mzima. Wako ndugu waliotamani ingekuwa kinyume, mikono ipone na ulimi upumzike.

Alilazwa kwa mdogo wake Monique, mshonaji wa nguo kule Cimpunda, katika chumba cha mbele kilichokuwa na cherehani. Kando ya kitanda waliweka redio, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu kila aliyeingia aliishika. Jirani alitafuta muziki. Wamama wa parokia waliizima ili wasali. Kaka yao mkubwa, Anaclet, karani wa serikali na kichwa cha familia tangu baba yao afariki, aliiweka kwenye hotuba za Chama tawala, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaizima.

"Mugonjwa iko na haja ya kimya," alisema.

"Yaya," Bulonza alimjibu kaka yake, "mugonjwa ni mimi. Sijaomba kimya."

Anaclet alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia neno la mtoto. Halafu akatangaza kwamba baada ya Pasaka atampeleka dada yake kijijini Nyangezi, kwa shangazi yao. "Huku muji utafanya nini, Bulonza? Hata redio huwezi kuigeuza."

Anaclet alipotoka, Bulonza alimwita Monique. "Vuta ile carton iko chini ya kitanda."

Ndani mlikuwa na mabaki ya ndege ya kuchezea, aliyoachiwa na mwalimu mmoja Mbelgiji alipokuwa akirudi kwao. Bulonza alitaka kitu kimoja tu: kimotori chenye gia ndani yake na nyaya tatu, kiitwacho servo. Hakizunguki ovyo kama motori nyingine. Ukikipa mapigo mafupi ya umeme, urefu wa kila pigo ndio unaokiambia kigeuke hadi wapi na kisimame. Akikifunga kwenye kifundo cha redio cha kutafutia stesheni, kidole chake kitatosha kuigeuza.

"Mimi najua kushona tu," Monique alisema.

"Basi utashona na waya."

Walifanya kazi mchana, wateja wa Monique wakingoja magauni yao. Bulonza aliagiza, Monique akachomelea: kidude cheusi chenye miguu minane cha kutoa mapigo, vipande vingine vichache, na potansiomita, yaani kifundo cha kubadilisha urefu wa pigo.

"Hapana ule! Mguu wa tatu! Nimesema wa tatu!"

Monique aliitupa pasi ya kuchomelea juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa vimeungua. "Usinipigie makelele kama mwanafunzi wako! Nikitoka hapa, nani atakushikia hizi nyaya?"

Bulonza akasema polepole, "Hakuna. Sina mukono ingine. Ni wewe tu."

Monique alipuliza vidole vyake, akaiokota pasi.

Walipounganisha betri, motori haikusogea hata kidogo. Bulonza alimwagiza apime kila mahali kwa mashine ya volti, na kila mahali umeme ulikuwepo. Siku nzima alikuwa mkali kwa kila mtu. Asubuhi yake, Monique akimnywesha uji, alizuia kijiko kwa meno. "Betri ni mbili," akasema. "Moja ya mapigo, moja ya motori. Hazijuani! Funga hasi ya hii na hasi ya ile." Monique akaongeza waya mmoja tu, na motori ikageuka ikiunguruma. Wote wawili walipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Lakini walipoifunga kwenye redio, redio ilikoroma kama nguruwe, maana mapigo yale yaliingia katika sauti. Bulonza alikataa kushindwa. Motori ikikosa umeme, gia hubaki pale zilipo. Basi umeme uingie wakati wa kutafuta tu. Monique alikata mwiko wa mbao, akaufunga juu ya potansiomita, na chini akaweka kipande cha bati kiwe swichi. Kidole kikibonyeza, umeme unaingia. Kikisukuma, stesheni inabadilika. Kikiachia, redio inasema safi.

Baada ya Pasaka Anaclet alikuja na gari. Alikuta redio ikiimba, akashika kifundo kukigeuza. Bulonza akabonyeza mwiko. Motori ikang'ang'ana na mkono wa Anaclet.

"Iachie, yaya. Utavunja gia zangu."

Uso ulimbadilika Anaclet. Akaizima redio kabisa. "Monique, fungasha vitu vyake. Gari iko inje."

Monique hakuwahi kumbishia kaka yake maishani. Aliweka mkasi chini, akapita mbele yake, akaiwasha redio, kisha akarudi kuketi kwenye cherehani yake.

"Umemusikia," Bulonza alisema. "Salimia shangazi."

Gari liliondoka bila mgonjwa. Anaclet alikaa miezi bila kukanyaga pale, na aliporudi, alikuja na samaki wa kukaanga, akaketi. Mwishowe akauliza kama dada yake anaweza kumtafutia mpira redioni.

"Uniombe vizuri," Bulonza alisema.

Akaomba vizuri.

Wasichana wa lise walianza kuja jioni kufundishwa mbele ya kitanda kile. Na wamama wa parokia walipomwomba azime redio wasali, aliwajibu kwamba Mungu si kiziwi, ila sauti ataipunguza. Hiyo, kwa kuwa kidole chake kiligeuza stesheni tu, alimwomba Monique.