Rimu ya Mkunga

Nimeona maduka kama la Meneja katika miji mingi: kioo kikubwa, baiskeli zimetundikwa kama nyama buchani, na kila moja ina ukoo wake. Hii ya mlima. Hii ya mteremko. Hii ya changarawe. Ile ya pembeni pia ni ya mlima, ila kwa mtu asiyetoka nje ya mji. Lakini duka hili lilifunguliwa mkabala na kibanda cha kaka yake Meneja, fundi baiskeli kwa miaka ishirini na mitatu, na likamkaa kaka mtu kooni.

"Baiskeli ni baiskeli," Fundi aliniambia, akigonga spoku za gurudumu kwa kucha na kutega sikio. Hivyo ndivyo alivyoijua iliyolegea. "Ukipanda unahema, ukishuka unashika breki. Huyu mtoto anauza majina."

Majina yalinunuliwa. Hilo Fundi angelivumilia, kama si Mkunga. Mama huyu alipanda vilima kila siku kuwatazama waliojifungua, na kila Jumamosi aliketi kwenye benchi la Fundi, baiskeli yake ikishughulikiwa, wakiusengenya mtaa mzima. Jumamosi moja akalipita benchi, akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Mama, wewe ni mtu wa 'njia ndefu'," Meneja alimwambia, akimpima kwa macho. "Hii imeundwa kwa ajili yako."

"Yangu mimi? Na magoti haya?" Mkunga akacheka kama msichana.

Kicheko kilivuka barabara, kikamfikia Fundi pale pale alipochuchumaa. Mchana Meneja akaivusha baiskeli yenyewe, maana dukani kwake hakuna aliyejua kunyoosha rimu ya gurudumu. Kazi hiyo kaka aliifanya, na wateja hawakuambiwa.

"Kaka, inyooshe basi. Mama anaifuata saa kumi."

Fundi aliinyoosha, kisha akalegeza spoku tatu. Tatu tu, aliniapia. Itatikisika, alijiambia, naye atarudi benchini kulalamika.

Siku ya nne Mkunga alirudi. Alirudi kwa Meneja.

"Mwanangu, inayumba kama mlevi."

Meneja hakuinama hata kuitazama. "Kwa vilima vyako vile? Kosa langu, mama, nilikuweka daraja la chini. Wewe ni wa 'mlima mzima'. Imeingia jana, nitakubadilishia."

Mkunga akaondoka na mpya, rangi ya limau. Alipofika usawa wa kibanda alimpungia Fundi mkono kwa furaha, bila kusimama.

Baadaye Meneja akaivusha ile ya kwanza. "Ikae kwako, kaka. Aina hii siku hizi haina mtu."

Fundi akakaza spoku tatu. Hata dakika haikwisha. Akaizungusha rimu, ikaenda bila kuyumba, akaizungusha tena, na tena, macho yake yakiwa ng'ambo, ambako mdogo wake alikuwa juu ya ngazi akibandika jina jingine kwenye kioo.